Bega la Ilunga na Fremu ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini, daktari mkuu wa hospitali yetu ya Kolwezi alinikabidhi chumba, kitanda kimoja na utepe wa mpira wa kuvuta mazoezini. "Mama, mi napasua, weye unarudisha watu," aliniambia. Nilikuwa kine, mtu wa kunyoosha viungo baada ya kisu. Wakanipeleka mji wa Fungurume, wakanirudisha Kolwezi. Wakubwa walibadilika, lakini mabega mabovu hayakuisha.

Nawasimulia la Ilunga, mchimbaji wa madini upande wa machimbo ya Mashamba. Bega lake lilikuwa likilia ko! na kuchomoka hata akivaa shati. Daktari wa mifupa alihamisha kipande cha mfupa na kukikaza kwa skrubu mbele ya bega, kiwe kizuizi. Mkono ukaning'inizwa shingoni wiki kadhaa. Kisha nikawa nauinua mimi, baadaye akauinua mwenyewe, mwishowe akavuta mpira.

Mwezi wa nne baada ya kisu, daktari huyo alitaka nitie sahihi Ilunga arudi shimoni. Nilikataa. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kuwatazama wachimbaji. Hawana ngazi! Wanashuka wakisukuma kuta kwa miguu na viganja, mikono imetanuka. Niliona haya: miaka yote niliwafundisha kuvuta, kumbe uhai wao uko katika kusukuma.

Daktari alikuja juu. "Bega nilitengeneza mi! Sasa weye unaikatalia kazi?"

"Docta, ulishaka kuona namna banashukaka mu shimo?"

Akaikunja karatasi ya ruhusa. Hakuwahi kuona.

Ilunga naye alilalamika, akiwahofia wenzake wa kundi la uchimbaji. "Mama, ba ekipe batatia mwingine pa fasi yangu."

"Batie. Bega ikichomoka mule chini, nani atakutosha inje?"

Nikamsimamisha mlangoni pangu, viganja kwenye fremu, asukume. Kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zote, miezi miwili mizima. Siku aliyorudi shimoni chakula kilinishinda. Alipopita jioni na vumbi lake kunisalimia, nilimfokea kwa furaha.

Tangu hapo daktari yule aliwaambia wagonjwa wa bega: "Enda kwanza ku mulango ya mama." Najivunia hilo kuliko cheti chochote.

Siku ya kustaafu kwangu Ilunga alikuja, bado mchimbaji. Hotuba zilipokwisha alikwenda mlangoni, akatanua mikono, akasukuma.

"Mama, sikiliza."

Fremu ikalia ko! Bega likanyamaza.