Mwongozo wa Shangazi

Shangazi yangu amefunga waya vichwani mwa watu kwa miaka ishirini na mitatu. Ndiyo kazi yake hospitalini: mgonjwa analala kitandani, shangazi anampaka dawa nzito kama uji kwenye ngozi ya kichwa, anabandika waya mmoja mmoja, na mashine inachora mawimbi ya ubongo. Ndiyo maana hospitali nzima inamwita Mama Waya.

Zamani mawimbi yalichorwa kwenye karatasi. Siku hizi yanahifadhiwa kwenye kompyuta, na kuna programu ya kuyaorodhesha: namba ya mgonjwa, tarehe, muda wa kipimo, na mahali rekodi ilipo. Aliiandika fundi mmoja wa kompyuta, bwana mpole asiye na maneno mengi. Alipomaliza akaaga, akaenda kusoma ng'ambo. Maelezo yote aliyoacha yalikuwa mstari mmoja kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya skrini: "Andika orodha, kisha bonyeza Enter." Watu wakawa wanafanya hivyo hivyo, kama kasuku.

Asubuhi moja daktari aliingia chumbani kwa shangazi akiwa na mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na moja. Binti alikuwa na kifafa tangu utotoni. Daktari alitaka kubadilisha dawa zake, lakini kwanza alitaka kulinganisha kipimo kipya na cha zamani. Akaangalia orodha. Namba ya binti haikuwemo.

"Haipo," akasema. "Itakuwa ilifutika."

"Haijafutika, Daktari. Huyu nilimpima mwenyewe akiwa na miaka mitano. Aligoma kutulia mpaka mama yake akalala kando yake. Nakumbuka vizuri, maana kwa ile vurugu nilimpaka dawa mama badala ya mtoto."

Mama wa binti akaangua kicheko. "Kweli kabisa! Nilifika nyumbani nywele zimegandana, mume wangu akaniuliza nimepigana na nani."

"Kukumbuka tu hakutusaidii, Mama Waya," daktari akasema. "Mimi nataka kuiona."

Shangazi akamwomba siku mbili. Mapumziko ya mchana hakwenda kula. Alikaa mbele ya kompyuta akijaribu neno hili na lile, na kila alichojaribu akakiandika kwenye daftari: nimesema hivi, ikajibu hivi. Siku ya pili akaipata. Kumbe ukiandika "orodha" peke yake, programu inaonyesha rekodi za mwaka huu tu. Ukiongeza neno "zote", inakuteremshia za miaka yote. Mistari elfu nne na ushee ikashuka kwenye skrini, na ya binti ilikuwemo. Daktari akaziweka rekodi mbili pamoja, akaona mawimbi yametulia kuliko alivyodhani, akaamua dawa zibaki zilezile.

Mwingine angeishia hapo. Shangazi alikosa raha.

"Mwanangu," aliniambia tukiosha vyombo, "ni wangapi wameshaambiwa haipo, wakarudi nyumbani?"

Akaamua kuandika mwongozo. Mkuu wa kitengo alimcheka. "Mama Waya, wewe shughulika na vichwa. Mambo ya kompyuta yana wenyewe."

"Mwenyewe yuko ng'ambo, mkuu. Tuliobaki ni sisi."

Ilimchukua wiki tatu, kurasa kumi na nne. Yeye alisoma daftarini, mimi nikachapa. Nikijitia kupamba sentensi, ananikata: "Toa hilo. Anayesoma hapa ana mgonjwa anamsubiri."

Wa kwanza kuujaribu alikuwa karani wa masjala, mzee aliyeapa kwamba atastaafu bila kugusa kompyuta. Shangazi alimketisha, akampa kurasa, akasimama nyuma yake kimya. Hatua ya pili ilisema: "Andika namba ya mgonjwa." Karani akatoa kalamu mfukoni, akaiandika pembeni mwa ukurasa, akakunja mikono.

"Mzee, mbona huendelei?"

"Si umesema niandike? Nimeandika."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakumsahihisha mzee, alisahihisha mwongozo. "Kosa ni langu," akasema, na kesho yake hatua ile ikasomeka: "Piga namba ya mgonjwa kwenye kibodi." Jaribio la tatu karani alifika mwisho bila kuuliza hata swali moja. Akafunga vifungo vya koti, akapita mlango kwa mlango akitangaza, "Nimeipata! Peke yangu!"

Nakala moja ilimfikia yule fundi huko ng'ambo. Akapiga simu.

"Mama, ukurasa wa tisa unasema umeme ukikatika katikati ya kipimo, rekodi moja inaorodheshwa kama mbili. Umejuaje?"

"Nimezihesabu. Wagonjwa wangu nawajua."

"Mimi niliyeitengeneza sikujua," akasema, na akaomba mwongozo uambatane na programu kila hospitali inakotumika.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake shangazi, haelewi hata mstari mmoja wa mambo haya. Ameweka nakala sebuleni. Mgeni akija, kabla hajapewa maji anaonyeshwa ukurasa wa tisa.

Mwezi uliopita shangazi aliitwa kuwafundisha watu ishirini kutoka hospitali nyingine. Aliyemtambulisha ni yule yule mkuu wa kitengo. "Huyu ndiye mtaalamu wetu," akasema, bila hata kupepesa macho. Mimi nilikaa nyuma, kifua mbele, utadhani nimeandika mimi.

Katikati ya somo nesi mmoja akanyoosha mkono. "Na mgonjwa mwenye namba mbili je? Kwetu wapo wengi."

Shangazi akafikiri kidogo. "Hilo silijui," akasema. "Njoo hapa mbele tujaribu."

Viti vikasukumwa, watu wote wakabanana nyuma yao. Majaribio manne yakagoma, la tano likakubali. Shangazi akamsogezea nesi kibodi.

"Haya, liandike wewe, kwa maneno yako. Ukurasa wa kumi na tano ni wako."