Kamba, Tumbo na Shikamoo

Mimi ni mhudumu wa afya, na kwa miaka nimemtesa mke wangu kwa mizani. Kila Jumapili nilimpandisha, nikatikisa kichwa, nikamnyima sukari kwenye chai. Mimi mizani ilinisifu, maana miguu yangu ni ya korongo.

Kisha semina ikatufundisha kwamba mizani haijui mafuta yamekaa wapi, na kamba inajua. Unakata kamba ya urefu wako, unaikunja katikati, unaizungusha kiunoni. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Nikaona kamba itamuumbua mke wangu vizuri zaidi.

Juzi nikaipeleka mwaloni Igogo, soko la samaki la ufukweni, anakouza dagaa na wenzake. Nikaanza na mke wangu, mbele ya wote. Kamba ikamzunguka kiuno na nyingine ikabaki. Unene wake wote uko kwenye nyonga.

"Na wewe, daktari," wenzake wakasema.

Tukakata kamba yangu, mke wangu akashika ncha. Nikabana pumzi, nikavuta tumbo ndani, ncha zikagusana kwa taabu. Nikangoja aachie. Hakuachia.

Hapo akatokea mama mkwe na beseni lake la dagaa. Mkwe hasalimiwi kwa kutikisa kichwa.

"Shikamoo, mama."

Tumbo likatoka pamoja na salamu, kamba ikamponyoka mke wangu vidoleni.

"Marahaba," mama mkwe akajibu, macho yakiwa kwenye vifungo vya shati langu. "Kumbe sukari ya mwanangu ilihamia humu."