Siku Nilipoazima Wanafunzi

Kuna watu wazima huko upande wa Mbwara ambao mpaka leo wakiniona wananiita Mwalimu wa Kuazima, na mimi naitika tu, maana nitakana vipi jambo lililoonwa na kijiji kizima na Mzungu juu yake? Kwa hiyo nisikilizeni, mcheke, halafu mniache nipumzike.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi kijana nimetoka chuo cha ualimu, kaptula yangu ya kaki imepigwa pasi mpaka inataka kukata mtu, nikapewa shule ndogo ya serikali pale bondeni, chumba kimoja, mwalimu mmoja (yaani mimi: mkuu wa shule, mpiga kengele na mfukuza mbuzi). Niliipenda shule ile, jamani. Asubuhi ilinuka chaki na udongo wa mafuriko, na watoto walikuwa wananiletea miwa kama vile mimi ni bwana harusi. Shida ilikuwa moja tu: mpunga ukianza kutoa masuke, watoto wanapotea. Wote wanakwenda kukaa juu ya madungu, vile vichanja virefu vya kulindia mashamba, wafukuze ndege, nami nabaki na watoto wa jumbe, wa mwenye duka, na mmoja mwenye mguu mbovu. Nikimwendea mzazi kumlalamikia ananijibu, "Mwalimu, ndege hawajui kengele."

Basi msimu huo huo wa masuke likaja neno kutoka bomani: Bwana Mkaguzi anakuja, na shule itakayokutwa na watoto wachache wasiojua kitu itafungwa. Nikienda bondeni kuwaita watoto, mpunga unaliwa na wazazi watanila mimi. Nisipokwenda, shule inakufa mikononi mwangu.

Jirani yetu palikuwa na chuo cha Kurani cha Maalim Mfaume, watoto tele, sauti zao zinaifunika yangu kila siku. Asubuhi ya ukaguzi nikasikia Maalim amekwenda mazikoni kijiji cha pili. Hapo shetani akanipa neno moja: azima! Nikamwendea mkewe, Bi Zaituni, nikamwomba watoto kwa kitambo kidogo tu, kazi ya serikali. Hata ungo hakuuweka chini.

"Wachukue," alisema. "Lakini Maalim akirudi kabla ya adhuhuri, mimi simo."

Nikawapanga kwenye madawati, nikawagawia majina ya wanafunzi wangu waliokuwa bondeni, nikawaambia wasiseme kitu ila wakiulizwa. Darasa likajaa, nikajiona mwanamume.

Bwana Mkaguzi akafika na viatu mkononi, maana gari aliliacha ng'ambo ya mto akavuka kwa mtumbwi. Mzungu mrefu, mpole, Kiswahili chake safi kama cha kitabuni. Akaandika ubaoni "Baba analima shamba," akamnyooshea kidole kijana mmoja mwerevu wa chuoni ambaye herufi za Kizungu alikuwa ameziokota kwa kaka yake. Kijana akasimama, akaanza pale alipozoea kuanzia kwenye Kurani, upande wa kulia.

"Shamba. Analima. Baba."

"Shamba analima baba?" Mkaguzi akauliza.

"Ndiyo, bwana." (Na kwa mwaka ule wa mafuriko, wallahi, shamba ndilo lililomlima baba.)

Mkaguzi akanitazama. Nikacheka kicheko cha mtu mwenye homa. Akamgeukia binti mdogo aliyekaa mbele. "Wewe, jina lako nani?"

Binti akanitazama mimi kwanza, akamtazama yeye. "La leo au la siku zote?"

Kabla sijapata uongo mwingine, mlango ukaingia kiza: Maalim Mfaume, kanzu ya mazikoni, bakora mkononi. Hakumsalimu Mzungu wala mimi. Alisema neno moja tu, "Chuoni!" na watoto wakatoka kama nyuki waliotiwa moshi, wengine mlangoni, wengine dirishani, dawati likapinduka, na vumbi lilipotulia wamebaki mtoto wa jumbe, mtoto wa mwenye duka, na yule wa mguu.

"Mwalimu," Mkaguzi alisema taratibu, "wanafunzi wako wako wapi?"

Nguvu za kudanganya ziliniishia. "Wako bondeni, bwana. Wanalinda mpunga."

"Twende tukawaone."

Tukashuka, mimi mbele nikionyesha njia, kijiji kizima nyuma kikionyeshana mimi, na kwenye tuta la kwanza nikateleza nikaenda chali kwenye tope, kaptula na pasi yake yote. Nilikuwa bado nimekaa humo niliposikia sauti ikitoka dungu moja, kali kama tarumbeta: "Saba mara nane!" Na dungu la mbali likapokea: "Hamsini na sitaaa!" Ndege wakaruka kundi zima. "Saba mara tisa!" "Sitini na tatuuu!" Bonde lote linaitikia, na mimi ndani ya tope nasikia somo ambalo darasani nililifundisha mpaka koo likakauka nikadhani limepotea bure.

Mkaguzi akamwita Athumani, mwanafunzi wangu, ashuke. "Kwa nini mnafukuza ndege kwa hesabu?"

"Bwana, makelele mengine wameyazoea. Tukaona hesabu ya saba, kama ilivyokuwa inatutisha sisi, na wao itawatisha."

"Na yule wa dungu la mbali, asiyekosea?"

"Dada yangu, Mwanaidi. Yeye hasomi. Mimi napiga kelele, yeye anapokea."

Mkaguzi akanigeukia. "Kwa nini hasomi?"

Nilimtazama yule binti amesimama juu ya kichanja chake, teo la kurushia mawe mkononi. Sikuwahi hata kumwendea baba yake kumwomba. Hiyo ndiyo aibu iliyoniingia hasa, tope lilikuwa la kufua tu.

Shule haikufungwa. Mimi nilikaripiwa mbele ya jumbe, na Maalim alikaa muda mrefu hajibu salamu yangu mpaka nilipokwenda na kuku kumwomba radhi. Mpunga ulipovunwa nikaenda kwa baba yake Mwanaidi, nikakataliwa, nikarudi, nikakataliwa, nikarudi tena, mpaka akasema nimchukue binti, ili yeye apumzike na uso wangu.

Nimefundisha shule nyingi baadaye, zenye madirisha ya vioo na walimu wa kutosha, wala hakuna niliyoikumbuka kama ile. Ila tangu siku ile, ndugu zangu, nikiishiwa hata chumvi, nakula bila chumvi. Siazimi.