Pini Niliyomchomea Imali

Si shetani, si jirani, si umaskini. Mguu wa binti yangu niliuharibu mimi, kwa mikono yangu hii. Nimenyamaza miaka mingi, sasa nimeshindwa.

Ilikuwa huku Shianda, miaka ya tisini. Imali (si jina lake) alikuwa darasa la tatu. Chini ya kidole gumba cha mguu palitokea kivimbe laini cha rangi ya zambarau. Akaanza kuchechemea.

Mimi nikaona funza. Funza, nyumbani kwangu! Mimi ninayekandika sakafu kila Jumamosi, kiongozi wa akina mama kanisani! Aibu ilinishika kuliko huruma.

Nikafunga mlango, nikamshika mguu, nikatoa pini.

"Mama, hii si funza. Haiwashangi. Inaumanga tu nikikanyaga."

Nikamzaba kofi. Jamani, mtoto aliniambia!

Nikachokora kile kivimbe. Damu ikatoka, ikakataa kusimama. Nikaziba na jivu, nikafunga kitambaa, nikamkataza kusema. Siku ya tano mguu ulikuwa umefura mpaka kifundoni, unanuka. Ndipo baba yake akamwona, tukamkimbiza hospitali huko Kakamega mjini.

Daktari akasema ulikuwa uvimbe wa mishipa ya damu, wala si kansa.

"Mngemleta mapema tungeupima, tuutoe wote, tushone, aende nyumbani. Sasa umeoza. Nani alichokora hapa?"

Baba yake akanigeukia.

"Ni mimi, daktari," Imali akasema. "Nilichokora na pini."

Na mimi nikanyamaza! Daktari akamgombeza, baba yake akamgombeza, naye amelala pale ananitazama tu. Walimkata kidole gumba na kipande cha wayo.

Nyanya yake alikufa akimwambia, "Wewe ulijiharibu mwenyewe." Imali hakuwahi kujibu. Sasa ana watoto wake, na bado anatembea akiegemea upande. Akiugua haniambii, nasikia kwa watu. Hilo ndilo linaloniua!

Akina mama wenzangu, mtoto akisema haiwashi, msikilize. Uvimbe usioujua usiutie pini, mpeleke kwa daktari. Na ukikosea, sema hapo hapo, kabla mtoto hajabeba kosa lako.

Hata barua hii nimeiandika bila jina. Imali alijitaja mbele ya watu wote, akiwa na miaka tisa.