Maoni ya Njiani

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wameona ubaya gani katika mtandao wetu, na hakuna aliyeona ubaya wowote. Rubona nzima, pale kando ya ziwa, ilikuwa imeridhika.

Nilitumwa na ofisi ndogo ya Gisenyi iliyotengeneza mtandao wa kijamii usio na mwenyewe. Kila mahali pana mashine yake, na mashine hizo hupelekeana habari. Ya Rubona ilikaa juu ya kabati la ushirika wa wauza samaki. Nyingine ilikuwa Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa fundi wa simu. Watu walitumiana sauti, bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, na picha za watoto wachanga, nami nilizunguka nikitafuta kasoro.

"Ni muzuri," walisema. "Muzuri sana. Kunywa Fanta."

Mimi nimekulia Tanzania, nikarudi kwetu na Kiswahili cha darasani na haraka isiyo na sababu. Nilikunywa Fanta, nikaandika "nzuri", nikapanda moto, pikipiki ya abiria, iliyonisubiri mlangoni. Mwanzoni mkuu wangu alifurahi. Baadaye alianza kuniangalia kama mtu anayejijazia majibu kitandani.

Mama mmoja muuza sambaza alinipa "muzuri" kavu kuliko zote. Siku hiyo mvua ilinyesha na mwenye moto akanikimbia, kwa hiyo niliaga nikaanza kutembea. Mama akachukua mwavuli, akatoka nami. Kwetu mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa kipande cha njia, na maneno ya kweli huwekwa yasemwe kwenye kipande hicho. Hilo hakuna aliyenieleza. Muda wote huo nilikuwa nayakimbia maoni kwa pikipiki.

Tulipopita nyumba ya mwisho akasema, "Mwana wangu, ile kitu yenu iko mubaya."

"Kule ndani ilikuwa nzuri, mama."

"Kule ndani ulikuwa mugeni."

Akaniambia. Mama yake mzazi alipokufa, yeye kwa hasira alirusha sauti mtandaoni kwamba dada yake, aliyeolewa Goma, alikuja mazishini kupigwa picha tu. Maharage hayajaiva, akajuta, akaifuta. Kwenye mashine ya Rubona ikatoweka. Kwenye ya Goma ikabaki, na dada akaisikia pamoja na majirani. Tangu hapo hapokei simu.

"Nilifuta, nikaona imetoka. Sasa mbona iko inaishi kule? Mi nilibakia na huyo dada tu."

Iliniuma. Nilimpelekea mkuu wangu maneno hayo kama yalivyo. Akanieleza, tena kwa fahari, kwamba kufuta ni ombi tu, na mashine ya Goma huenda haikuwa na umeme ombi lilipopita. Hakuna mashine inayoiamuru nyingine.

"Basi mama alalamike kwa nani?"

"Huo ndio uzuri wake," akasema.

Nikamwambia aende akamwambie mama hivyo. Hakwenda. Ila alimwandikia fundi wa Goma, naye akaifuta ile sauti siku hiyohiyo, na sasa kabla hujarusha neno, mtandao unakuonya kwamba mashine nyingine zinaweza kubaki nalo. Ndiyo maoni ya kwanza tuliyoyafanyia kazi. Lakini dada alikuwa ameshasikia, na kwa hilo hatukuwa na kitufe.

Mama aliamua kwenda mwenyewe, na beseni la sambaza kavu. Aliporudi nilimtembelea, kwa miguu. Ndani alisema safari ilikuwa muzuri. Nilikunywa Fanta yangu taratibu, nikaaga, akachukua mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Bon," alisema tulipopita nyumba ya mwisho. "Nilimuomba musamaha. Akaniambia hakuna shida. Akanipa chai."

Thamani ya maneno ya ndani ya nyumba nilikuwa nimeshaijua.

"Halafu?"

"Halafu akanisindikiza mpaka ku barrière, pale mupakani."

Nikasimama. "Na njiani?"

"Njiani akanitukana," alisema mama. "Ya mazishi, ya ndoa yake, mpaka ya utoto. Polisi wa mupaka wakaanza kutuangalia."

Akacheka mpaka akanishika mkono asianguke.