Mwano kwa Ajili ya Funza

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha utafiti wa pamba mkoani Shinyanga, nilikwenda na viatu vya kisigino nikidhani nitakaa ofisini. Thubutu! Mkuu wa Kituo, mzee asiyecheka hata kwa dawa, aliweka chini ya hadubini funza wa vitumba, yule kiwavi anayetoboa matunda ya pamba. Akasema, “Umeajiriwa kuwaua hawa. Mtazame kwanza anavyoishi.”

Nikainama. Mgongoni, chini ya ngozi nyembamba, mrija ulikuwa ukibana na kuachia, kutoka mkiani kwenda kichwani.

“Ndio moyo huo,” akasema.

Jamani! Mimi nilidhani mdudu ni meno na utumbo tu.

Sikilizeni, vijana. Moyo wa mdudu ni mrija mrefu wenye vitundu ubavuni vya kuingizia damu. Damu yenyewe si nyekundu, maana haibebi hewa. Hewa ina njia zake. Na mpigo hausubiri amri ya ubongo, huanzia kwenye msuli wa moyo wenyewe. Mishipa ya fahamu na homoni huongeza kasi au kuipunguza. Joto nalo lina kauli: kwenye baridi moyo hujikokota, jua likiwaka hukimbia. Nimewahi kuutoa mrija ule nikauweka kwenye maji ya chumvi, ukaendelea kudunda peke yake. Mpaka leo mwili hunisisimka.

Baadaye nilihamishiwa Kharumwa, chini ya Afisa Kilimo wa Wilaya. Asubuhi moja ya baridi alinituma kwa Mama Masanja, mjane ambaye mumewe alifukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa na shamba moja na mwana mmoja.

“Pamba hii ikiliwa, Mama Neema,” akaniambia, “Masanja naye anaingia duarani. Ameshaniaga.”

Walikuwa wamepulizia dawa jana yake, na funza walitapakaa chini, kimya. Mama alikuwa anacheka kwa furaha. Nikaokota mmoja, nikamwekea lenzi mgongoni. Mrija ukabana. Nikangoja, ukabana tena.

“Mama Masanja, hawajafa. Dawa ilikuwa hafifu, wamelewa tu. Jua likipanda watarudi juu.”

“Yaya!” akakataa kwa Kisukuma. Nikampa lenzi. Alipoona, alipiga mwano, lile yowe la kuitana ng'ombe wanapoibwa.

Wanaume wakaja mbio na pinde na marungu. “Wezi wako wapi?”

“Hawa hapa chini!”

Kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alifura, kwani mwano wa utani una adhabu. Nikamshikisha lenzi. Alitazama weee, kisha akaweka upinde chini. “Kadudu haka kana moyo! Mungu fundi, jamani. Haya, okoteni!” Kijiji kizima kiliinama, na jua lilipochoma, ndoo zilikuwa zimejaa. Tukawachoma funza wote.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza kama sioni vibaya kuua viumbe maisha yangu yote. Huwa naona, nao walikuwa na mioyo. Lakini pamba ile ilivunwa, na Masanja hakushuka duarani.

Juzi alinipigia simu. Mama yake amefariki, kwa uzee, mkono wa mwanawe ukiwa kifuani pake hadi mpigo ulipokoma. Nikampa pole huku nikilia.

“Usilie, Mama Neema,” akasema. “Nimemzika mimi. Hakunizika yeye.”