Pindo la Manjano

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa msichana mrefu kuliko wanaume wengi wa kanisa letu la Manyatta, na mgongo wangu ulikuwa umejifundisha kuomba radhi. Nilikunja mabega, nikainamisha shingo, nikasimama goti moja limelegea ili nipungue kidogo. Shuleni waliniita Mlingoti. Nikikasirika waliongeza, Mlingoti wa Stima, kwa sababu hasira zangu ni za haraka na ukinigusa nakurusha.

Kitu kimoja tu kilininyoosha, nacho ni kuimba. Katika kwaya ya kina mama na wasichana mimi nilikuwa mwanzishaji, yule anayetoa mstari wa kwanza peke yake kabla wengine hawajaitikia. Mwanzishaji husimama mbele. Nikiwa pale nilisahau urefu wangu kwa muda wa wimbo mzima, kisha nikajikunja tena nikarudi kwenye benchi.

Mwaka huo tukaalikwa kuimba Bondo, kwenye mkutano wa makanisa, na ikaamuliwa tushone sare mpya. Sare za kwaya yetu zilikuwa na sheria yake. Tulinunua jora zima la kitambaa kwa mchango sawa, na kila mtu akakatiwa kipande sawa. Zamani waligawana kulingana na mwili, ukazuka ugomvi, wembamba wakidai kwamba wanawavisha wanene. Tangu hapo mkasi haukumjua mtu. Wafupi walibakiwa na kipande cha kumshonea mtoto kaptura. Mimi nilibakiwa na miguu.

Gauni langu la buluu liliishia juu ya magoti. Kiongozi wetu, mjane wa makamo aliyependa mambo yakae kwenye mstari, alinitazama siku ya kujaribu sare akatikisa kichwa.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "hiyo magoti yako inaimba sauti gani?"

Kina mama wakacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimezoea kusaidia watu kunicheka. Nikamwomba aniongezee kipande kidogo kilichobaki kwenye jora.

"Haiwezekani. Nikikupea wewe, hata huyu atataka. Kitambaa ni ya kila mtu sawasawa. Wewe Bondo utasimama nyuma, hakuna mtu ataona hiyo miguu. Tutapata mwingine wa kuanzisha."

Niliumia. Pale mbele ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu wa maana, na palikuwa panaondoka kwa sababu ya kitambaa.

Shangazi yangu alikuwa fundi wa nguo kule Kondele, cherehani yake imekaa barazani pa duka la mtu. Nilimpelekea gauni nikitaka aliongeze chini kwa buluu nyingine. Tulizunguka sokoni mpaka miguu ikauma, na kila buluu tuliyopata ilikataa kulingana na ile yetu. Moja ilikaribia kabisa. Shangazi akaibandika kwenye gauni, akaitazama juani.

"Hii itakuaibisha," akasema. "Rangi ikikaribia kufanana, watu wanajua ulikuwa unajificha. Chukua ile haifanani kabisa."

Nilidhani ananitania. Kwenye rundo la mitumba kando yetu kulikuwa na pazia la manjano, manjano ya kiini cha yai la kienyeji, nikalivuta. Nilikuwa nimekasirika tayari. Kama watu watatazama, basi watazame.

Aliponipima nilisimama nilivyozoea kusimama. Akanichapa mgongoni kwa tepu.

"Simama! Ninashonea wewe ama nashonea nyanya yako?"

Nikasimama. Akapima mpaka karibu na viatu, akakata pazia, akaliunga chini ya gauni. Nilipolivaa lile gauni ndipo nikaugundua ujanja wake. Nikijikunja tu, pindo la mbele lilishuka likaburura chini na nikalikanyaga. Ilibidi ninyooke au nianguke.

Nyumbani nililivaa mlango ukiwa umefungwa, nikatembea kutoka ukutani hadi ukutani. Kioo chetu kilikuwa kidogo, nikajitazama vipande vipande, uso, kisha kiuno, kisha lile pindo. Sikuwa nimegeuka mrembo. Lakini nilimpenda yule mtu, na sikumbuki kama niliwahi kumpenda kabla ya hapo.

Bondo tulikwenda kwa lori la kukodi. Nilikuwa nimejifunga leso juu ya gauni kuzuia vumbi, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu mpaka tuliposhuka nikaifungua. Kina mama wakageuka wote.

"Hii ni yunifomu ama ni pazia?" kiongozi akauliza.

"Ni pazia, Mama."

"Nyuma. Nenda nyuma kabisa."

Nikaenda. Tangu utotoni nilikuwa nimeenda nyuma kila nilipoambiwa, miguu ilijua njia. Lakini tulipoitwa na kujipanga mbele ya watu, nilijikuta nyuma ya migongo mipana siwezi hata kuinama, gauni limekataa, kichwa changu kinaelea juu ya vitambaa vyao vyote vya kichwani. Kujificha kulikuwa kumeshindikana. Nikapiga moyo konde, nikapenya katikati yao mpaka mbele. Msichana aliyepangiwa kuanzisha alinipisha upesi. Nadhani alikuwa akimwomba Mungu nifanye hivyo. Kiongozi alinikazia macho, ila ugomvi haupigwi mbele ya wageni. Akainua mkono, nikaanza.

Sikumbuki kama tuliimba vizuri. Nakumbuka pumzi tu, jinsi ilivyokuwa nyingi.

Baadaye, wakati wa chakula, mama mmoja wa kwaya ya wenyeji alinijia akashika lile pindo kwa vidole. Makanisani kwetu rangi haivaliwi bure. Kola, mshipi, kila kitu kina cheo chake.

"Hii manjano ni ya cheo gani?" akauliza.

Kiongozi wetu alikuwa karibu, sahani mkononi, akanitangulia kujibu. "Ni alama ya mwanzishaji wetu," akasema bila kupepesa. "Sisi ndio tulipanga hivyo."

Alikuwa ananiokoa, au anajiokoa, au yote mawili. Ningenyamaza ningeondoka na cheo na hakuna ambaye angeniuliza tena. Lakini mtu huvuliwa cheo, akapewa mwingine, na mimi nilikuwa nimechoka kuazima mahali pa kusimama.

"Hapana, Mama," nikamwambia mgeni. "Si cheo. Mimi ni mrefu, kitambaa haikunitosha."

Neno hilo, mrefu, siku zote nilikuwa nikirushiwa na watu. Sikuwa nimewahi kulitamka mwenyewe.

Yule mama alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, bila haraka.

"Tumeona," akasema. "Tulikuona tangu ukiingia."